Ulingo wa matope Mukono ni funzo kwa Gusii

Mcheza kwao hutunzwa. Methali hii hutajwa sana panapochezwa ngoma, lakini ni nadra kuisikia panapozungumzwa mieleka ya kulipwa. Mwombe mwanafunzi wa Keroka au Ogembo akutajie wanamieleka watano, naye atakutajia kumi pasipo kusita. Katika hao kumi, huenda asiwepo hata mmoja aliyezaliwa Afrika Mashariki.

Je, ni lazima iwe hivyo? Majirani zetu wa Uganda wamekwisha kujibu. Mwaka 2023, Daniel Bumba, ambaye mashabiki humwita Bumbash, alianzisha kundi la Soft Ground Wrestling katika mji wa Mukono, mashariki ya Kampala. Bwana huyu alikuwa amepata kuwatangazia Waganda mieleka ya ng'ambo katika runinga. Hakuwa na fedha za kununua ulingo wa kisasa, wenye sakafu ya mbao na turubai. Basi vijana wake walisimika nguzo za mianzi, wakazungusha kamba na kuulowesha udongo hadi ukawa tope laini la kupokea miili inayoanguka. Wavulana kwa wasichana hujifunza hapo kurukiana, kubebana na kubwagana. Picha zao zilisambaa katika mitandao, na ulimwengu ukaijua Mukono.

Jambo hilo si geni katika historia ya mchezo huu. Marekani yenyewe haikuanza na kampuni moja kubwa. Kwa miongo mingi, kila jimbo au eneo lilikuwa na promota wake, mabingwa wake na mashabiki wake. Mwaka 1948 baadhi ya mapromota hao waliunda umoja ulioitwa National Wrestling Alliance, na kila mmoja akaheshimu mipaka ya mwenzake. Mambo yaligeuka baada ya Vince McMahon kuinunua kampuni ya babake mwaka 1982. Aliitumia runinga kuingia katika maeneo ya wengine, na vyama vingi vya mikoani vikafa. Kwa hiyo yale tunayoyatazama leo ni mti uliokua juu ya makaburi ya vikundi vidogo mfano wa kile cha Mukono.

Najua kuna walimu watakaosema kwamba mieleka hii ni uongo mtupu, kwani mshindi huamuliwa kabla ya pambano. Ni kweli kwamba mshindi hupangwa. Lakini hata mwisho wa tamthilia hupangwa, na hakuna anayemwita mwigizaji mwongo. Kinachotakiwa ni ustadi: kuanguka pasipo kuvunjika, kumwinua mwenzako na kumweka chini salama, na kuwafanya watazamaji wacheke, wakasirike na kushangilia kwa wakati wake. Katika ulingo huo, mwili wa mpinzani wako ni amana.

Hapo ndipo penye hatari kwetu. Wavulana wetu huona mirusho katika runinga na simu, kisha huijaribu mabwenini na uwanjani, juu ya saruji na ardhi ngumu, pasipo mkufunzi. Hawajui kwamba kila mrusho ule umefanyiwa mazoezi ya miaka. Shingo ikivunjika haiungiki kwa kiboko cha mwalimu wa zamu. Kupiga marufuku peke yake hakutoshi, kwa kuwa kinachokatazwa mchana hufanywa usiku.

Gusii haina upungufu wa vipawa. Naftali Temu aliiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika mbio za mita 10,000 huko Mexico mwaka 1968. Miaka minne baadaye, huko Munich, Charles Asati, Hezahkiah Nyamau na Robert Ouko walikuwa watatu kati ya wanne waliotwaa dhahabu ya kupokezana vijiti. Nayo Shabana, iliyoundwa mwaka 1980 na kupewa jina la duka la vifaa mjini Kisii, ilirejea katika ligi kuu mwaka 2023 baada ya miaka 17 nje. Ikiwa duka liliweza kuzaa timu ambayo eneo zima linaiita yake, kwa nini chama cha mieleka kisizaliwe?

Walimu wa michezo na wa drama washirikiane. Mtaala wa sasa una mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo katika sekondari ya juu, na mieleka imesimama katikati ya mambo hayo mawili. Waanze na somo la kuanguka, juu ya magodoro au udongo uliolainishwa, kabla ya mrusho wowote. Wanafunzi nao watunge wahusika wao na visa vyao, kwa Kiswahili na kwa Ekegusii, badala ya kuazima majina ya wageni.

Udongo tunao, na mvua ya kuulainisha haitupigi chenga. Kilichobaki ni mtu mzima wa kusimama kando ya ulingo na kuwafundisha watoto kuanguka.