Nyanya, waridi hili laitwaje?

Huenda uliuona mara ya mwisho ulipokwenda nyumbani mashambani. Umesimama kando ya lango au nyuma ya jikoni, umejaa miiba, hakuna anayeunyunyizia maji, na bado unachanua. Ulimwuliza nyanya jina lake, akakujibu, "Hilo ni waridi tu." Ulipomwuliza aliutoa wapi, alicheka akasema hiyo ni hadithi ndefu. Nawe ulikuwa na haraka ya kuwahi matatu ya kurudi mjini.

Leo nakuomba kwamba utakaporudi, uketi uisikilize hadithi hiyo. Kuutambua mwaridi wa zamani uliopoteza jina ni kazi inayowezekana, lakini nusu ya ushahidi imo kichwani mwa aliyeupanda.

Wezi wanaobisha hodi

Huko Texas, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wapenzi wa maua walianza kuzunguka katika vijiji, makaburi ya zamani na mahame wakitafuta miwaridi iliyosahauliwa. Walijiita Texas Rose Rustlers, jina la utani linalowafananisha na wezi wa mifugo. Hata hivyo, wezi hawa walibisha hodi. Waliomba ruhusa, wakakata vitawi vichache, na mti mama wakauacha mahali pake.

Kilichowavutia ni kwamba miwaridi hiyo ilikuwa imestahimili jua kali na ukame kwa miaka mingi bila dawa wala mbolea. Tatizo lilikuwa moja tu: majina yake yalikuwa yamepotea.

Walifanya nini? Waliipa majina ya muda, ya mahali au ya mwenye bustani, na kuyatia ndani ya alama za kunukuu ili kila mtu ajue kwamba jina la asili bado linatafutwa. "Caldwell Pink" lilipatikana katika mji wa Caldwell. Dkt. William C. Welch, mtaalamu wa bustani wa Chuo Kikuu cha Texas A&M, aliupata mwaridi mwekundu wenye harufu tamu kwa nyanya ya mkewe huko Louisiana. Aliuita "Maggie", jina la nyanya huyo.

Katika kisiwa cha Bermuda, ambako chama cha wapenda waridi kilianzishwa mwaka wa 1954, wanafanya vivyo hivyo. Mwaridi mmoja huko huitwa "Smith's Parish", yaani mtaa ulikopatikana.

Kwa hivyo usione haya kusema hujui. Kuupa mwaridi jina la uongo ndiko kubaya, kwa maana jina likishaandikwa kwenye kibao, jirani atalinakili, na jirani yake pia, hata ukweli usipatikane tena.

Rangi hudanganya

Wengi wetu tukitaka kulijua ua, tunaanza na rangi. Hilo ni kosa. Waridi lile lile laweza kuwa la waridi iliyokoza asubuhi yenye baridi, na kufifia likakaribia weupe jua linapowaka. Udongo na umri wa ua pia hubadilisha rangi.

Anza na tabia ya mti. Je, huchanua mara moja kwa mwaka au mara kwa mara? Kabla ya mawaridi ya China kufika Ulaya mwishoni mwa karne ya 18, karibu mawaridi yote ya Ulaya yalichanua mara moja tu. Mengi yake yamezoea majira ya baridi kali na hayastawi vizuri kwenye joto. Ukiuona mwaridi mkongwe katika nchi ya joto ukichanua mwaka mzima, yaelekea una damu ya China ndani yake.

Pili, tazama majani. Pale kikonyo cha jani kinaposhikana na tawi, kuna vijani viwili vidogo sana. Vikiwa na kingo zilizochanika kama nyuzi za shali, huenda mwaridi huo ni wa ukoo wa multiflora kutoka Asia ya Mashariki. Hesabu pia vipande vya kila jani, uone kama ni vitano, saba au zaidi.

Tatu, tazama miiba: mikubwa au midogo, iliyonyooka au iliyopinda, mingi au michache. Kisha tazama chipukizi la ua kabla halijafunguka. Likiwa limefunikwa na kitu kama kuvu la kijani chenye kunata na kunukia utomvu, hilo ni waridi la jamii ya moss.

Nne, nusa. Fanya hivyo asubuhi, kabla jua halijakausha harufu. Ikiwa umewahi kunyunyiziwa marashi ya mawaridi arusini kule Pwani, unaijua harufu ya waridi la damaski, ambalo ndilo linalotoa marashi maarufu ya Jabal Akhdar, Oman. Jamii nyingine huitwa mawaridi ya chai, kwa sababu baadhi yake hunukia kama majani makavu ya chai. Mtoto wa Kericho hahitaji kufunzwa harufu hiyo!

Piga picha za haya yote: ua kwa mbele, kwa ubavu na kwa nyuma, chipukizi, jani, mwiba na tunda. Picha moja ya ua zuri haimsaidii mtaalamu.

Mitego miwili

Mtego wa kwanza uko chini ya ardhi. Mawaridi mengi ya kununuliwa hupandikizwa juu ya shina la mwaridi mwingine wenye mizizi yenye nguvu. Sehemu ya juu ikifa, shina lile huchipuka na kutoa maua yake. Huko Marekani, wengi wameshangilia "waridi la kale" jekundu lililokoza, kumbe ni Dr. Huey, mwaridi uliotolewa mwaka wa 1920 na kutumiwa sana kupandikizia. Katika mashamba ya maua hapa Kenya, linalotumika sana ni shina la Natal Briar. Basi chunguza kama tawi lachipuka kutoka chini ya kovu la kupandikizwa.

Mtego wa pili ni moyo wetu wenyewe, unaotaka kila kitu kiwe cha kale. Mwaridi uliopatikana kando ya Katy Road, Houston, uliitwa "Katy Road Pink" na kudhaniwa ni wa zamani. Baadaye ulitambuliwa kuwa Carefree Beauty, mwaridi uliozalishwa na Griffith Buck wa Chuo Kikuu cha Iowa State na kutolewa mwaka wa 1977. "Mzee" alikuwa kijana! Lakini mti ulibaki ule ule, wenye afya na maua tele.

Vipi vipimo vya DNA? Vyaweza kuonyesha kwamba miwaridi miwili ni mmoja. Lakini sharti kuwe na mwaridi mwingine unaojulikana jina kwa hakika wa kulinganisha nao. Usipokuwapo, maabara haiwezi kubuni jina.

Kabla lango halijabomolewa

Mashamba yanagawanywa na nyumba mpya zinajengwa. Tingatinga halimwulizi mwaridi jina. Kwa hivyo, kabla hujalitafuta jina, okoa mti.

Omba ruhusa, kisha kata vitawi kadhaa ambavyo maua yake yamenyauka karibuni, kila kimoja urefu wa penseli. Ondoa majani ya chini, uvichomeke katika mchanga uliochanganywa na udongo, kivulini, na usiache vikauke. Havitashika vyote, ndiyo maana hukati kimoja. Kwenye kibao andika tarehe, mahali na jina la mwenye mti.

Kisha ingia ndani na daftari, uketi karibu na nyanya. Muulize: nani alikupa? Mwaka gani? Nyumba hii ilikuwa imejengwa? Mtoto gani alikuwa amezaliwa? Majibu hayo humwambia mtaalamu miaka ya kutafuta, na hayaandikwi kwenye jani wala mwiba.

Jina la asili likipatikana, vyema. Lisipopatikana, litie jina la nyanyako ndani ya alama za kunukuu, na siku moja mjukuu wako atakapouliza, utakuwa na jibu bora kuliko "hilo ni waridi tu".