Kuanguka kwa Mengo mwaka 1966

Wengi waisomapo habari ya Mei 1966 hudhani kwamba majeshi yalipoingia Lubiri, kasri ya Kabaka katika kilima cha Mengo hapa Kampala, ndipo Edward Mutesa wa Pili alipokiacha kiti chake. Lakini tarikhi haina ushahidi huo, kwani makao ya mfalme huweza kutekwa kwa silaha, ilhali kujiuzulu hakutimii ila kwa kauli ya mfalme mwenyewe.

Asili ya fitina ilikuwa vilemba viwili juu ya kichwa kimoja. Mutesa, Kabaka wa Buganda tangu 1939, alifanywa Rais wa Uganda mwaka 1963, cheo chenye heshima kuliko amri, huku hatamu za serikali zimo mikononi mwa Waziri Mkuu Milton Obote. Na kura ya maoni ya 1964, iliyozirudisha kaunti za Buyaga na Bugangaizi kutoka Buganda kwa ufalme wa Bunyoro, ikamweka baina ya wajibu wa Rais na hasara ya Kabaka. Februari 1966 Obote aliwatia mbaroni mawaziri watano, akaisimamisha katiba, na Aprili akatangaza nyingine iliyompa yeye urais. Tarehe 20 Mei Lukiko, baraza la Buganda, likaitaka serikali kuu iondoke katika ardhi ya Buganda, ambayo ndimo zilimo Kampala na Entebbe. Obote akalihesabu dai hilo kuwa uasi, na tarehe 24 askari wa Idi Amin wakaishambulia Lubiri. Mutesa akauruka ukuta, akapitia Burundi hata London, alikofariki Novemba 1969.

Tulinganishe na 1897, Kabaka Mwanga alipoikimbia Mengo kwenda Buddu kuwapiga vita Waingereza. Wao walimwuzulu, lakini kiti hawakukigusa, maana walikihitaji katika utawala wao. Wakamkalisha mwanawe mchanga, Daudi Chwa, ambaye baadaye alimzaa Mutesa. Obote alifanya kinyume: hakumtawaza mtu, bali kwa katiba ya 1967 alizifuta falme zote.

Kwa tendo hilo alidhani ameing'oa mizizi, kumbe aliinusuru nasaba na fitina ya wadai wawili. Kwani falme ziliporuhusiwa tena mwaka 1993, Ronald Muwenda Mutebi, mwana wa Mutesa, alitawazwa Naggalabi, Buddo, tarehe 31 Julai, pasi na Kabaka mwingine wa kushindana naye.