Kuanza Tena na Kidole Gumba

Katika nyumba nyingi za kwetu kuna chombo kimoja ambacho hakitumiki wala hakiuzwi. Kwa huyu ni cherehani, kwa yule ni baiskeli isiyo na mnyororo. Nyumbani kwetu hapa Buluo, katika mji wa Likasi, kilikuwa gitaa. Lilitundikwa ukutani kwa muda wa miaka 15, likajaa vumbi, nasi tulipita chini yake kila asubuhi tukienda kufundisha, tukijiambia kwamba siku moja tutalishusha.

Gitaa hilo tulilipata tulipokuwa seminarini. Wakati ule tulijua mishiko mitatu tu, ule wa do, wa fa na wa sol, tukazikwangua nyuzi zote kwa pamoja ili wenzetu wapate kuimba. Hayo yalitosha kutufanya tuitwe wapigaji. Baadaye ukaja ualimu, ikaja ndoa, wakaja watoto, na madaftari ya kusahihisha yakajaa mezani. Gitaa tukaliacha bila hata kuagana nalo.

Mwaka huu, tukiwa tumekaribia umri wa miaka 40, binti yetu mwenye miaka tisa alisimama chini ya ule msumari akauliza: "Papa, unajua kweli kulipiga, au ni pambo tu?" Tukajibu upesi kwamba twajua. Tukalishusha, tukaona nyuzi mbili zimekatika na zilizosalia zimeshika kutu. Tulipokwisha kupata nyuzi mpya, tuliketi mbele ya jamaa yetu yote, na hapo tukaona aibu. Vidole vya kushoto vilikataa kutengana, na vya kulia vikagongana kama watu waliokutana gizani. Mtoto hakucheka. Alisema tu: "Basi tujifunze wote wawili."

Hapa Likasi mtu hawezi kusema kwamba gitaa ni jambo la wageni. Jean-Bosco Mwenda, aitwaye pia Mwenda wa Bayeke, alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka nchi nyingi za Afrika akirekodi nyimbo za wenyeji, alimkuta katika mji wetu huu, ambao wakati ule uliitwa Jadotville, akamrekodi. Wimbo wake "Masanga" ukavuka mipaka, na huko Kenya wapigaji wengi waliufuata mtindo wake kwa kusikiliza santuri. Mwaka 1969 Mwenda alipiga gitaa katika tamasha la Newport huko Marekani. Alifariki kwa ajali ya barabarani mwaka 1990. Mtu huyo alitumia vidole viwili tu vya mkono wa kuume, kidole gumba na kidole cha shahada, lakini asikilizaye hudhani kwamba magitaa mawili yanapigwa.

Karibu nasi anakaa mzee mmoja, mstaafu wa kazi za shaba, ambaye katika ujana wake aliushika mtindo huo. Tukamwendea na gitaa kwapani, tukamweleza kwamba twataka kukumbuka tuliyoyasahau. Akatuomba tupige kidogo. Alipokwisha kusikiliza akasema kwa upole: "Mwalimu, hukusahau kitu. Ulijifunza kuimba, gitaa uliligusa tu. Tuanze."

Neno hilo lilituchoma, lakini lilikuwa kweli. Mtu mzima anayerudi kwenye jambo la ujana wake hudhani kwamba ataanzia pale alipoachia. Kichwa chake chakumbuka sauti, na sikio lajua namna wimbo unavyopasa kuwa, lakini mkono haujui. Ndipo huja hasira, na kwa hasira hiyo wengi hulirudisha gitaa ukutani.

Mzee alituanzisha kwa kulinganisha nyuzi: mi, la, re, sol, si, mi, tangu uzi mnene hata ule mwembamba. Juma zima hatukufanya neno lingine ila hilo na kutembeza kidole gumba peke yake. Kidole hicho hutembea juu ya nyuzi nene bila kusimama, kama mtwangaji asiyepoteza pigo. Kikiisha kutulia, ndipo kidole cha shahada huitwa kuja kuimba juu ya nyuzi nyembamba. Anayeanza na wimbo kabla gumba halijatulia, kila mara shahada ikitaka kuimba, gumba litasimama kuitazama.

Mambo mengine tuliyofundishwa twayaandika hapa, kwa maana yaweza kumfaa msomaji. Robo saa kila jioni yafaa kuliko saa tatu za Jumapili moja, kwa sababu mkono hushika kwa kurudiarudia, na hata usingizi husaidia kukaza yale yaliyofanywa mchana. Penye kosa, usirudie wimbo wote. Rudia mahali pale tu, tena polepole, mpaka vidole vipite bila kujikwaa. Kucha za mkono wa kushoto zikatwe. Ncha za vidole zitauma katika majuma ya kwanza, kisha ngozi itakuwa ngumu. Na kama gitaa lilitengenezwa kwa nyuzi za nailoni, usilitie nyuzi za chuma, kwa maana mvuto wake ni mkubwa, waweza kuipinda shingo na kuling'oa daraja.

Binti yetu alikuwa akija nasi kwa mzee, naye alipiga kwa zamu. Juma la nne likafika. Yeye gumba lake lilikwisha kutembea na shahada yake ikaimba vipande vifupi. Sisi bado tulikuwa tukijikwaa mahali pale pale. Jioni moja nyumbani alitutazama, akanyosha mkono, akasema: "Papa, si hivyo. Gumba limesimama." Nasi, kwa uchovu na kwa kiburi, tukamjibu kwa ukali: "Nani mwalimu katika nyumba hii?" Mtoto akanyamaza, akaondoka. Jioni ya pili hakuja, wala ya tatu. Gitaa likawa letu peke yetu, na halikuwa na ladha tena.

Siku iliyofuata, darasani, kijana mmoja alisimama ubaoni mbele ya hesabu ya sehemu. Alikuwa amekwisha kuelezwa mara nyingi. Chaki ilikuwa mkononi mwake na mkono hauendi. Maneno tuliyozoea kuyasema yalikuwa tayari mdomoni: "Nikuambie mara ngapi?" Lakini tulipoutazama mkono ule tukautambua. Ulikuwa mkono wetu wa jioni, unaojua kwamba watu wanautazama, na kwa sababu hiyo hauwezi kwenda. Tukakumbuka wengine waliowahi kusimama pale pale mbele yetu, na mmoja hasa ambaye baada ya kuambiwa maneno hayo mara nyingi hakurudi shuleni. Zamani tulisema kwamba alikuwa mvivu. Leo hatusemi hivyo tena. Tukamwambia yule kijana: "Futa. Turudi kwenye nusu na robo." Alianza na nusu, akaijua, akaja kwenye robo, akaijua. Hesabu ile hakuimaliza siku hiyo, lakini alirudi kitini akiwa ameinua kichwa.

Jioni tukamwita binti yetu. Umeme ulikuwa umekatika kama kawaida, nasi tukaketi barazani. Tukamwambia: "Mwanangu, nilikosa. Nionyeshe tena pale gumba linaposimama." Alikaa kimya kidogo, kisha akatushika kidole, akakitembeza mwenyewe juu ya nyuzi, huku akihesabu. Kwa kuwa hatukuweza kuona kitu, tulilazimika kusikiliza. Mara ya kumi hivi, gumba likapita bila kusimama. "Sasa," akasema, na hakusema neno zaidi.

Mambo haya si mageni. John Low, Mwingereza ambaye tayari alikuwa mpiga gitaa, alisafiri mwaka 1979 mpaka jimbo hili, lililoitwa Shaba wakati ule, akajifunze kwa Mwenda na wapigaji wenzake wa zamani. Safari hiyo aliiandika katika kitabu, Shaba Diary, kilichotoka mwaka 1982. Mwaka 1990 Elijah Wald wa Marekani naye alikuja kujifunza kwa Mwenda na kwa Edouard Masengo. Watu hao walivuka bahari, nao ni watu wenye ujuzi wao, ili waketi tena mahali pa mwanafunzi. Sisi tulitakiwa kuvuka baraza tu, na bado ilituwia vigumu.

Akina baba na akina mama, watoto wetu hutuona tukiamuru, tukisahihisha, tukikemea. Ni mara chache watuonapo tukijifunza, yaani tukikosea, tukirudia na kuvumilia. Tukiwaficha jambo hilo, watadhani kwamba mtu mzima ni yule asiyekosea, na wao wenyewe wakikosea wataona haya kuuliza.

Hatujawa wapigaji. Wimbo mmoja mfupi twaumaliza, nao polepole, mzee akiitikia kwa kichwa. Lakini ule msumari ukutani tumeung'oa, na gitaa sasa huegemezwa pembeni mwa kiti, mahali ambapo mkono wa mtoto waweza kulifikia.