Kompyuta Inapolemewa na Vikolezo vya Sauti

Siku hizi nyimbo za kwaya, za bendi na za vijana wanaojifunza muziki huweza kurekodiwa nyumbani kwa kompyuta ya kawaida, kazi ambayo zamani ilihitaji jumba zima lenye mitambo. Lakini mara nyingi, wimbo ukiwa unakaribia kukamilika, spika huanza kutatarika, sauti hukatikakatika, na mwishowe mashine husimama kabisa. Ndipo kijana humwendea baba yake na kumweleza kwamba kompyuta imezeeka, hapana budi inunuliwe nyingine. Kabla fedha za karo hazijaguswa, inafaa mzazi na mwanawe waelewe ni kitu gani hasa kinachoichosha mashine hiyo.

Kompyuta huipokea sauti kwa kuikatakata katika vipande vidogo mno viitwavyo sampuli. Katika kiwango cha kawaida cha muziki, sekunde moja ina sampuli 44,100. Sampuli hizo hupelekwa kwenye spika kwa mafungu, na nafasi inayolihifadhi fungu moja huitwa bafa. Wakati fungu moja linasikika, prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, huwa inaliandaa fungu linalofuata. Ikichelewa hata kidogo, spika hukosa la kutoa, na hapo ndipo mtatariko husikika. Basi si kwamba mashine imeshindwa kazi. Imeshindwa kuimaliza kwa wakati uliowekwa. Tofauti hiyo ni kubwa, kwani tiba yote inatokana nayo.

Mzigo huo huletwa zaidi na plagini, yaani programu ndogondogo zinazopachikwa ndani ya programu ya kurekodia ili kuikoleza sauti: mwangwi, ikwalaiza ya kupanga besi na sauti nyembamba, au kompresa ya kusawazisha makelele na minong'ono. Zamani studio zilitegemea vyombo vya nje au kadi maalumu za kufanyia kazi hiyo. Mwaka 1996 kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ilitoa programu yake ya Cubase pamoja na mfumo wa VST, na vikolezo vikaanza kufanya kazi ndani ya prosesa ya kompyuta yenyewe. Kwa kuwa kikolezo kimoja sasa chaweza kunakiliwa mara 30 bila gharama, watu wamekuwa kama mpishi aliyepewa duka la viungo: kila chungu hukitia kila kitu.

Mwangwi ndio unaotumiwa vibaya kuliko vyote. Tuseme kwaya imerekodiwa katika traki 16, kila kundi la waimbaji na kila chombo kikiwa na traki yake. Fundi asiye na uzoefu hupachika mwangwi katika kila traki, na prosesa hulazimika kuyajenga majumba 16 ya kufikirika kwa wakati mmoja. Studio ya Abbey Road mjini London, iliyofunguliwa mwaka 1931, haikuwa na anasa hiyo. Ilikuwa na chumba kitupu chenye spika na maikrofoni, na sauti mbalimbali zilipelekwa humo, kila moja kwa kiasi chake, kisha mwangwi ukarudishwa. Programu za leo zina njia hiyo hiyo: hufunguliwa mkondo mmoja wa pamoja, hupachikwa mwangwi mmoja tu, na kila traki huchangia kadiri fundi apendavyo. Mzigo hupungua mno, na sikio hufaidi pia, maana waimbaji husikika kana kwamba wamesimama katika ukumbi mmoja.

Njia ya pili nayo ni kongwe. Albamu ya Beatles iitwayo Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band, iliyotolewa mwaka 1967, ilirekodiwa kwa mashine za utepe zenye traki nne tu. Traki zilipojaa, mafundi walizichanganya na kuzihamishia kwenye utepe mwingine, wakapata nafasi ya kuongeza vyombo vingine. Kosa lililopita hapo halikurekebishika kwa urahisi, na kila uhamisho uliongeza mvumo wa utepe. Kompyuta inatoa msaada huo bila adhabu hiyo. Traki ambayo imekwisha kukubaliwa hugandishwa: programu huitengenezea faili mpya ambayo vikolezo vimo tayari, kisha huvipumzisha vikolezo vyenyewe. Fundi akibadili mawazo, huiyeyusha na kuendelea. Si busara prosesa ipike upya, kila wimbo unapochezwa, chakula kilichokwisha kuiva.

Kuna jambo linalowashangaza wengi. Prosesa za sasa zina viini kadhaa vinavyogawana kazi, na mara nyingine mtatariko husikika ilhali viini vingi havina la kufanya. Sababu ni kwamba plagini zilizopangwa mfululizo katika traki moja hungojeana, na kwa kawaida hubebwa na kiini kimoja. Kwa hiyo plagini nane nzito juu ya traki moja zaweza kuangusha kompyuta ambayo ingezibeba bila shida zikiwa zimetawanywa. Mkondo wa mwisho, ambamo sauti zote hukutana, ndio wa kuangaliwa kwanza. Aidha, kompyuta ya kupakata inapotumia betri mara nyingi hupunguza kasi yake yenyewe. Ichomekwe kwenye umeme kabla haijalaumiwa.

Ukubwa wa bafa unahitaji uangalifu. Bafa ya sampuli 1,024 huipa prosesa nafasi ya kupumua, lakini huchelewesha sauti kwa yapata milisekunde 23 inapoingia, na kiasi kama hicho inapotoka. Mwimbaji huisikia sauti yake katika vipokea sauti kana kwamba yeye mwenyewe yuko mita 15 kutoka hapo alipo, na wimbo humpotea. Wakati wa kurekodi, bafa ipunguzwe hata kufikia sampuli 128 au 64, na vikolezo vizito vizimwe vyote. Hili si la kupuuzwa: mkatiko ukitokea wakati kwaya inaimba waweza kuingia ndani ya faili yenyewe, na hakuna plagini itakayoirudisha pumzi iliyopotea. Wakati wa kuchanganya sauti, ambapo hakuna anayeimba, bafa irudishwe kuwa kubwa.

Wimbo ukiisha na kutolewa kama faili moja, kompyuta haifungwi tena na saa. Wimbo wa dakika tano waweza kuchukua dakika kumi, na hata plagini nzito kuliko zote hazitatatarisha kitu. Viwango vya juu vya ubora, ambavyo plagini nyingi huviruhusu, viwashwe hapo, na kabla ya hapo viachwe chini.