Kupunguziwa dawa ya moyo si kuacha dawa

Mfanyakazi aliyepasuliwa moyo hurudi nyumbani na kovu kifuani na mfuko wa dawa. Baada ya miezi kadhaa munganga anampima, anatazama tansio, kisha anasema: «Dawa hii tutaipunguza.» Jamaa wote wanafurahi, na wana haki. Lakini hapo ndipo wengine wanapopotea: wanaambiwa «punguza», wao wanaelewa «acha».

Operesheni yenyewe

Mishipa inayoulisha moyo ikizibwa na mafuta, munganga huchukua mshipa wa mguu au wa kifua na kuushona, ili damu ipite kando ya mahali palipozibwa. René Favaloro, munganga wa Argentina, alionyesha njia ya kutumia mshipa wa mguu mwaka 1967 huko Cleveland, Marekani. Siku hizi operesheni hiyo inafanywa pia Nairobi na Dar es Salaam. Lakini haiondoi ugonjwa ulioziba mishipa. Kwa hiyo aspirini ndogo na dawa ya mafuta ya damu kwa kawaida huendelea maisha yote, hata ukijisikia mzima kabisa.

Ni dawa gani inayopunguzwa?

Mara nyingi ni ile ya kutuliza moyo: bisoprololi, atenololi au metoprololi. Hupunguzwa mapigo yakiwa machache mno, kichwa kikizunguka ukisimama, au uchovu ukikuzuia kupanda kutoka ziwani hadi Kadutu.

Dawa hiyo ni kama breki ya vagoneti kwenye mteremko. Mwilini kuna adrenalini, inayoukimbiza moyo. Dawa huifungia milango. Milango ikifungwa kwa miezi mingi, mwili hutengeneza mingine. Ukiacha dawa kwa ghafula, adrenalini inakuta milango mingi wazi: moyo unakimbia, tansio inapanda, maumivu ya kifua yanarudi, na mtu anaweza hata kufa. Ndiyo sababu munganga huachilia breki polepole, hatua kwa hatua, kwa majuma.

Wakati wa kupunguza

1. Kila asubuhi, kabla ya dawa, pumzika dakika 5. Weka vidole viwili chini ya kidole gumba, kwenye kifundo cha mkono, uhesabu mapigo dakika nzima. Andika katika daftari, umwonyeshe munganga.

2. Siku za kwanza unaweza kuusikia moyo ukipiga zaidi ya ulivyozoea, hasa kwenye milima yetu ya Bukavu. Punguza mwendo, pumzika. Usijirudishie dawa mwenyewe, wala usiruke hatua. Mwambie munganga.

3. Usivunje kidonge bila kuuliza. Vingine vimetengenezwa ili viyeyuke polepole.

4. Usingoje dawa iishe. Zikibaki za siku 7, tafuta nyingine. Anayekaa Kamituga anajua barabara wakati wa mvua: ahesabu siku nyingi zaidi.

5. Rudi kazi nzito pale tu munganga atakapokuruhusu. Kupunguziwa dawa si ruhusa ya kushika sururu.

Kwa mama wa nyumba

Mama, pima chumvi katika sombe, na sambaza zilizokaushwa kwa chumvi zilowekwe kwanza majini. Vidonge vilivyobaki usimpe jirani mwenye tansio. Akiwa na pumu, dawa hiyo inaweza kumkata pumzi. Watoto wasivifikie.

Baba akishikwa na maumivu yanayobana kifua, yanayokwenda mkononi au tayani, akikosa pumzi akilala, akizimia, au moyo ukikimbia zaidi ya mara 100 kwa dakika naye amepumzika, mpelekeni hospitali saa ileile, hata usiku. Chukueni daftari na mfuko wa dawa zote, ili munganga ajue mara moja alikuwa amefika hatua gani.