Akosaye Kazi na Ada ya Jengo

Sahibu yetu mmoja, mzaliwa wa Ng'ambo ambaye kwa miaka mingi anaishi London, alituandikia barua yenye huzuni. Alikuwa amenunua fleti kwa mkopo, akailipia kwa jasho lake, mpaka siku ambayo kazi aliyokuwa akiifanya ilifungwa. Baada ya siku chache akaletewa hati ya kudaiwa ada ya huduma za jengo. Hakuwa nayo fedha. Akaitia hati ile katika mtoto wa meza, na ya pili akaitia, na ya tatu pia. Miezi mitatu ikapita hajamwambia mtu, kwa kuona haya. Alipokuja kuuliza, akaambiwa kuwa msaada ulikuwapo, lakini haumfikii ila yule aliyeuomba.

Tumeona tuizungumze habari hii kwa sababu mbili. Kwanza, ndugu zetu walioko Uingereza si wachache, na jamaa zao tunao hapa. Pili, maisha ya ghorofa yanazidi kuenea visiwani mwetu, na lililomfika sahibu yetu kule linaweza kumfika yeyote hapa.

Inafaa kwanza ifahamike ada hii ni kitu gani. Katika England na Wales, mwenye fleti mara nyingi hamiliki jengo. Anamiliki haki ya kukaa kwa mkataba wa miaka mingi, na jengo lenyewe lina mwenyewe. Paa, ngazi, lifti, taa za ujia na bima ya jengo huendeshwa kwa pamoja, na kila mwenye fleti huchangia sehemu yake. Gharama hizo hazipungui kwa kuwa mmoja wao amekosa kazi. Paa linalovuja humvujia mwenye mshahara na asiye na mshahara. Kwa hiyo asipolipa mmoja, ama mzigo wake utabebwa na jirani, ama jengo litaharibika.

Serikali ya nchi ile ilianza kuwakinga baadhi ya wafanyakazi na ukosefu wa kazi kwa sheria ya bima ya taifa ya mwaka 1911. Leo iko njia mbili. Ya kwanza ni posho ya mtafuta kazi, anayopewa yule aliyechangia bima hiyo kazini, nayo haizidi siku 182. Posho hii ni ya kujikimu tu, wala haina fungu la nyumba. Njia ya pili ni mfumo uitwao Universal Credit, ulioanza mwaka 2013, ambao huangalia kipato na akiba ya mwombaji. Mwenye akiba inayozidi pauni 16,000 kwa kawaida hapewi. Humo ndimo limo fungu la nyumba, na ndani ya fungu hilo ndimo inamoingia ada ya jengo.

Mpangaji huhesabiwa ada zinazokubalika pamoja na kodi yake. Mwenye fleti yake mwenyewe hungojeshwa kwa miezi kadhaa kabla ya kuanza kusaidiwa. Na hapa ndipo penye kosa la sahibu yetu: muda huo wa kungoja huanza kuhesabiwa pale mtu anapoomba, si pale alipoachishwa kazi. Kila siku aliyoificha hati ile aliisogeza mbele siku ya kusaidiwa. Malipo ya nyuma nayo hutolewa kwa sababu maalumu tu, na hayapindukii mwezi mmoja.

Wala si kila kilichoandikwa katika hati ya madai hulipwa. Usafi wa sehemu za pamoja, utunzaji wa lifti na uzoaji wa taka hukubalika. Umeme autumiao mtu ndani ya fleti yake haukubaliki, wala kodi ya ardhi iliyomo katika mkataba. Riba ya mkopo wa nyumba ina njia yake mbali, na tangu Aprili 2018 msaada wake umekuwa ni mkopo unaodaiwa, wenye riba, uliofungamanishwa na nyumba. Msaada wa ada ya jengo si mkopo. Watu wengi huyachanganya mambo haya mawili, wakaogopa kuomba wasije wakajitia katika deni jipya.

Aidha, anayedaiwa anayo haki ya kuuliza. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 1985 inataka gharama ziwe za kiasi na kazi iwe ya kuridhisha. Mlipaji anaweza kutaka muhtasari wa gharama, na asiporidhika anaweza kulifikisha shauri mbele ya baraza la nyumba na ardhi. Lakini kunyamaza hakumlindi mtu. Deni likithibitishwa na kuzidi kiwango cha sheria, mwenye jengo anaweza kwenda mahakamani kutaka mkataba uvunjwe, na hapo mtu akapoteza nyumba aliyoichumia umri wake kwa ajili ya deni la ngazi na taa.

Kwa ndugu walioko huko kwa viza, iko tahadhari moja. Wapo ambao viza zao zinawakataza kuchukua fedha za umma, na Universal Credit ni miongoni mwa fedha hizo. Posho inayotokana na michango ya kazini haimo katika katazo hilo. Mwenye shaka na aulize kwa watu wa sheria kabla hajajaza fomu.

Sasa tujitazame sisi wenyewe. Majumba ya Kikwajuni, Kilimani na Michenzani yalijengwa baada ya Mapinduzi ili mwananchi wa kawaida apate makaazi bora. Kila aliyewahi kuishi humo anaijua shida ya kitu cha watu wote: taa ya ngazi ikiungua, kila mmoja humngojea mwenziwe. Leo fleti zinajengwa na kuuzwa, na Zanzibar imekuwa na Sheria ya Kondominio tangu mwaka 2010, inayohusu umiliki wa fleti ndani ya jengo la pamoja. Upande wa Tanzania Bara, sheria za hifadhi ya jamii za mwaka 2018 zilileta fao la kukosa ajira. Hizo ni khatua njema. Lakini fao ni jambo moja na ada ya jengo ni jambo jengine, na mtu huweza kuangukia katikati yake.

Kwa hivyo tunawaomba viongozi wanaohusika na makaazi na hifadhi ya jamii walitafakari swali hili kabla halijawa kesi: mkaazi wa ghorofa anapopoteza kazi, ada yake itabebwa na nani, na kwa muda gani? Jawabu na liandikwe katika mikataba kabla ya kutiwa saini. Na liandikwe kwa Kiswahili chepesi, akalifahamu bibi wa orofa ya juu kama anavyolifahamu wakili.

Na wananchi nao wana wajibu wao. Dini imetufunza haki ya jirani, na ngazi tunayoipanda pamoja ni sehemu ya haki hiyo. Mwenye uwezo na alipe kwa wakati. Aliyekosa na aseme mapema, kwa maana kukosa kazi si aibu. Sahibu yetu hatimaye aliomba, akangoja, akasaidiwa. Deni la miezi aliyonyamaza bado analilipa mpaka leo, kidogo kidogo.