Jasho la Mtungi

Katika starehe zote ambazo mwanadamu huzipata bila kuzitolea shukrani, sijui iliyo nyepesi kupuuzwa kuliko maji baridi ya alasiri, anayopewa mgeni aliyeshuka garini Kendu Bay au Karungu, vumbi limemganda usoni na koo limemkauka, akaketishwa kivulini na kuletewa maji yaliyotekwa katika mtungi wa udongo uliosimama pembeni mwa nyumba. Hunywa, hushusha pumzi, hurudisha chombo, na mazungumzo huendelea. Wala hatokei mtu akauliza ni nani aliyeyapoza maji yale, katika nyumba ambayo pengine haina friji, siku ambayo jua limechoma mabati tangu asubuhi. Nia ya makala haya ni kuliuliza swali hilo na kulijibu, kwa kuwa naamini kwamba neema ambayo kazi yake haijulikani haiwezi kushukuriwa ipasavyo.

Wajaluo wa Migori na Homa Bay huuita mtungi huo wa maji dapi, na mahali pake pa desturi ni kivulini, umekalishwa vema usiyumbe. Siku hizi mtoto wa Kenya akitumwa mtungi aghalabu huleta dumu la plastiki la lita 20, maana neno limehama kutoka chombo kimoja hadi kingine; lakini ubaridi haukuhama nalo, na sababu yake imo katika ukuta wa chombo chenyewe.

Ufinyanzi katika nchi ya Wajaluo ni kazi ya wanawake. Mfinyanzi huchimba udongo, huuchagua na kuukanda, huujenga kwa mikono yake pasipo gurudumu, pindo juu ya pindo, kisha huuacha ukauke taratibu kabla ya kuuchoma uwazini kwa kuni na nyasi. Moto wa namna hiyo hutosha kuufanya udongo uwe mgumu usirudi kuwa tope, lakini hautoshi kuuyeyusha ukazibana chembe zake kama zilivyobanana za kaure. Kwa hiyo ukuta wa mtungi hubaki na vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na kupitia humo maji hupenya polepole mpaka ngozi ya nje ikawa na unyevu. Hapo ndipo watu husema mtungi unatoka jasho, na msemo huo, ingawa unasikika kama tamathali, ni kweli tupu ya kitaalamu.

Maji hayawezi kugeuka mvuke pasipo kupata joto, na unyevu ulio juu ya mtungi hulichukua joto hilo palipo karibu, yaani katika udongo na katika maji yaliyosalia ndani. Kadiri yake ni kubwa kupita mtu anavyodhani: gramu moja ya maji ikigeuka mvuke huondoka na joto la kutosha kuteremsha gramu 580 hivi za maji kwa nyuzi 1 ya sentigredi. Chukua mtungi wa lita 20. Ili maji yake yashuke nyuzi 5, inatosha yapotee hewani maji yasiyojaza kikombe kimoja cha chai. Kwa kweli hupotea zaidi ya hapo, kwa sababu joto la nje haliachi kuingia mchana kutwa, na mtungi hauna budi kulirudisha lilikotoka saa baada ya saa. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Mtungi hutuonyesha kwamba haba na haba hupoza kibaba pia. Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayomhifadhi mkata miwa wa Awendo na mvuvi wa omena wa Muhuru Bay, ambao miili yao hujipoza kwa jasho linalokauka juu ya ngozi.

Kwa kuwa kazi yote imo katika kukauka, mtungi hutegemea hewa. Katika alasiri za kiangazi nchi kavu hupata moto upesi kuliko ziwa lililo kando yake, hewa yake ikapanda juu, na upepo wa ziwa ukaingia kupitia Ghuba ya Winam kushika nafasi yake. Upepo huo huufagia mvuke uliouzunguka mtungi, na jasho likapata njia ya kuendelea. Wakati wa masika, hewa inapokuwa imejaa unyevu, jasho hukawia na maji hayapoi kama yalivyokuwa yakipoa Januari, wala hapo mtungi hauna kosa lolote. Dumu la plastiki, ambalo halina vitundu, halitoki jasho katika majira yoyote. Na mtungi uliozeeka huanza kuzibwa na chumvi na tope laini, ukapungukiwa na ubaridi mwaka hata mwaka. Ndiyo sababu usuguliwe mara kwa mara, wala usipakwe mafuta wala rangi kwa ajili ya pambo.

Lakini ingekuwa dhuluma kwa msomaji kuusifu ubaridi na kunyamaza juu ya usafi, kwa maana maji baridi yaweza kuwa machafu, na ladha yake tamu haimwonyi mnywaji. Mwaka 2015 kipindupindu kiliingia Migori na Homa Bay, na maradhi hayo hupitia hasa katika maji. Mtungi wa kale una mdomo mpana, na kila mkono unaotumbukiza kikombe waweza kutumbukiza maradhi pamoja nacho. Hapa ndipo penye habari inayostahili kukumbukwa: mwanzoni mwa miaka ya 2000, shirika la CARE Kenya, likisaidiana na taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa iitwayo CDC, lilihimiza vijiji vya Homa Bay kutibu maji ya kunywa kwa dawa ya klorini, na wafinyanzi wa huko huko wakafinyanga mitungi ya umbo jipya, yenye mdomo mwembamba, kifuniko, na bomba dogo upande wa chini. Watu waliipenda mitungi hiyo kwa sababu ilipoza maji. Naliheshimu sana jambo hilo, kwamba afya haikuja kuwaamuru akina mama waitupe starehe yao, bali ilipitia mlango ule ule wa starehe. La kuzingatia ni kwamba klorini hupungua nguvu upesi zaidi katika udongo kuliko katika plastiki. Basi maji yaliyotiwa dawa asubuhi na yanywewe siku ile ile, mtungi ukifunikwa daima.

Basi, msomaji wangu, utakapokaribishwa tena katika boma moja la huko, kabla hujanywa omba ruhusa uweke kiganja juu ya tumbo la mtungi. Utahisi unyevu, na unyevu huo ni sehemu ya maji yaliyotekwa ziwani au mtoni na kuletwa kichwani, ambayo hayatafika kinywani mwa mtu yeyote. Yanaondoka kidogo kidogo, hayaonekani, ili yaliyobaki yawe baridi. Kisha kunywa, na urudishapo chombo useme erokamano kwa utaratibu, kwa kuwa shukrani hiyo ina safari ndefu: imfikie aliyekuletea, na aliyeteka, na mama aliyeukanda udongo, na kile kikombe kimoja kilichokwenda na upepo kwa ajili yako.